Kivuli cha Nani

Sanduku jeupe la miguu minne
lilisimama nyuma ya shule yetu, Tudor,
mlango umeelekea kusini
ili jua lisije likachungulia ndani.
Mwaka ule ufunguo nilipewa mimi.
Saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri,
nalifungua, naweka jicho sawa na zebaki,
nazuia pumzi,
kwani hata pumzi ya mtoto, alisema mwalimu Mwakio,
ni uongo wa nusu nyuzi.

Mwakio alitoka Wundanyi.
Koti lake alilitundika msumarini siku ya kwanza
asiliguse tena mpaka likizo.
"Kwetu ni jua hili hili," alisema,
"ila kila mita elfu ya kupanda
joto huacha nyuzi sita njiani,
kama mchukuzi anayepunguza mzigo."

Kisha akatupa neno ambalo mpaka leo nalitafuna:
jua haliipashi hewa moto.
Jua huipasha ardhi,
na ardhi ndiyo inayoikopesha hewa.
Hewa haina chake.
Asubuhi huja na daftari kama mteja wa duka la Mbwarali,
alasiri deni limejaa ukurasa,
usiku hulipa kidogo kidogo,
na wingu likitanda, hata hicho kidogo
hakifiki; hurudi kutulalia kifuani.

Na bahari?
Mzito wa kukopa, mzito wa kulipa.
Ndiyo maana Mombasa haiungui kama Garissa,
wala haipoi.
Shati la jana bado bichi kambani,
na la mwilini limeshalowa.

Mwezi wa tatu jua likapita utosini.
Kaskazi imekata, kusi haijaja,
majani ya mwarobaini yametulia kama ya pichani.
Nikaandika: thelathini na tatu, nukta mbili.
Mwandiko mzuri. Wino wa bluu.
Nikarudi nyumbani, Moroto.

Mama yuko chini ya mabati, mbele ya karai la viazi,
leso imemganda mwilini.
Kibibi, wa miezi mitano, kalazwa juu ya saruji tupu
maana godoro lachoma.
"Leo joto gani huko shuleni?"
Nikamwambia.
Akacheka mpaka akaweka mwiko chini.
"Thelathini na tatu! Kivulini mwa nani?"

Ijumaa niliiba kipimajoto.
Nilikifunga ndani ya soksi, nikakibeba kama yai.
Jumamosi, saa tisa juu ya alama,
nikakining'iniza kwa uzi juu ya godoro,
nikazuia pumzi.
Za mwizi ni arubaini:
zebaki ikasimama papo hapo.
Nikatoka nacho hadi mwarobaini wa jirani,
hatua kumi na mbili, nilizihesabu,
nikangoja kishuke.
Thelathini na nne.
Nyuzi sita.
Mlima mzima wa Mwakio
umelala kati ya mti na bati.

Jumatatu nilikirudisha kabla ya kengele.
Katika safu ya maelezo, ambamo huandikwa
"mawingu kiasi" au "upepo hafifu",
nikaandika: Moroto, chini ya bati, arubaini.
Mtoto halali.

Mwakio alisoma akiwa amesimama.
Akatoa kalamu nyekundu. Akaifunika tena.
"Sanduku linapima hewa," alisema, "halipimi bati.
Bila hivyo tutajilinganishaje na Lamu, na Voi?"
Alikuwa na haki, nami nilijua.
Soksi bado ilikuwa mfukoni mwangu.
Aliitazama, hakuuliza.

Akachukua rula,
akachora mstari mmoja pembeni mwa ukurasa,
akafunua wa pili, akachora, na wa tatu,
mpaka mwisho wa daftari.
Safu nyembamba, isiyo na jina juu,
upana wake
wa kutosha tarakimu mbili.